Gia ya Nyuma Yenye Miguu Minane

Gari kubwa la Mzee, la viti saba, lilikufa gia ya nyuma watoto wake wakiwa bado wanasoma. Fundi alimwambia, "Mzee, giaboksi ishushwe, meno yameisha."

Mzee akacheka. "Ya nini? Gia yangu ya nyuma ninayo, tena ina miguu minane!"

Na kweli. Akitaka kurudi nyuma alipiga usukani kofi na kufoka, "Haya, shukeni!" Wanawe wanne walishuka wakigombana, wakaweka mabega kwenye boneti na kusukuma mpaka gari lipate pa kugeukia.

Miaka ikaenda. Mmoja mmoja wakaoa, wakaolewa, wakapata kazi mbali. Mama yao naye akatangulia mbele ya haki. Mzee akazoea kuegesha gari likitazama barabara, maana kumwomba jirani amsukume hataki hata kusikia.

Leo asubuhi, mawazo yakiwa mbali, aliingiza pua ya gari mpaka ukutani nje ya duka la dawa. Alipotoka na vidonge vyake vya presha akawasha gari, akapiga usukani kofi.

"Haya, shukeni!"

Kisha akatulia, akingoja kusikia milango ikifunguliwa.