Nilivyopewa mke na kiti cha lodge ya chama cha siri, Kitale

Wakuu, niaje. Hii si porojo, mashahidi wako hapo mtaa wa Matisi na mpaka leo wanaona aibu.

Mimi ni fundi wa paa, mtu wa Bungoma. Mwaka jana nilipata kazi ya kuziba paa la ile lodge ya chama cha siri hapo Kitale. Si lodge ya kulala, tulieni. Ni jumba la mawe walijenga wazungu wa mashamba, wakikutana humo wamevaa aproni.

Watu husema ndani kuna nyoka na damu. Nyoka nimemtafuta, bana. Kuna popo tu.

Shida ikawa Baba Shiku, mzee wa kanisa, babake mchumba wangu. Aliniona nikishuka ngazi pale.

"Msichana wangu haolewi na mtu ameuza roho!"

Na wazee wetu walikuwa washapanga kupeleka posa. Shiku analia, mimi hata ugali haishuki. Mimi, Mbukusu, mtu wa ugali tangu kuzaliwa!

Jumamosi mzee akaleta kikundi cha maombi. Wakazunguka jumba wakikemea kila dirisha. Nilicheka huko juu ya paa, kwa sababu madirisha ya chini ni ya uongo, plasta tu imetengenezwa fremu ndio watu wasichungulie. Ya ukweli yako juu karibu na dari.

Mara mvua ya mawe. Mapepo yakasahaulika, wote wakaingia ndani mbio, mimi nyuma yao.

Wakakuta nini? Sakafu nyeusi na nyeupe kama bodi ya drafti. Dari ya bluu imechorwa nyota. Upande wa mashariki kiti kikubwa cha mwenyekiti, na jicho moja limechorwa ukutani juu yake.

Paa ilikuwa inavuja kila mahali, isipokuwa hapo kwa kiti. Nilikuwa nimeanza kuziba huo upande, si ndio wakubwa hukaa?

Baba Shiku alinyeshewa weee. Akaangalia jicho. Akaangalia kiti.

"Ngai, nisamehe," akakaa.

Haikuchukua muda mzee anakoroma, mdomo wazi, jicho linamwangalia. Nikapiga picha, flash ikamwamsha. Ya kumbukumbu tu, jameni.

Jumatatu akapiga simu, sauti ya upole ajabu. "Kijana, hiyo picha umeonyesha nani?"

"Bado, mzee. Nangoja za harusi niziweke pamoja."



"Ambia wazee wako wakuje."

Funzo: ukiziba paa, anza na kiti cha mkubwa.

Wenye baba mkwe mkali, semeni hapa nyinyi mlimtuliza aje. Lakini picha msiniulize. Nilifuta siku ya harusi, saa hii huyo ni baba yangu.