Magugu ya Manispaa

Asubuhi ile, mjini Irbid, Rasmiya hakwenda bustanini kuchuma. Alikwenda ofisi za manispaa kudai kisu chake.

Jana yake askari wa bustani alimkuta amechutama nyuma ya mabembea anakata khubeza, yale majani ya mviringo yanayojiotea kila mvua za baridi zikinyesha. Akamnyang'anya kisu na mfuko mzima, kisha akamwonyesha kibao kipya: kuchuma mimea ni marufuku. Rasmiya ana miaka sabini na moja. Khubeza ya pale ameichuma tangu pakiwa shamba la ngano, kabla ya bembea, kabla ya kibao, kabla hata ya huyo askari kuzaliwa.

Karani Laith, kijana wa tai na nywele za mafuta, alifungua faili. "Hajja, umechuma mali ya manispaa."

"Mali gani? Andika jina lake."

"Mimea."

"Na wewe ni mtu, mwanangu, lakini una jina. Andika."

Karani wa meza ya pili akachekea ndani ya kikombe chake cha chai. Laith akapekua makaratasi, akapata ratiba ya bustani, akanakili neno moja.

"Nisomee."

"Magugu."

"Na hiyo ratiba inasema magugu yafanywe nini?"

Laith akafuata mstari kwa kidole. "Yapuliziwe dawa. Alhamisi."

"Kwa hiyo nikiyala mimi ni mali, mkiyaua nyinyi ni takataka. Chagueni moja, nawasubiri." Akavuta kiti, akakaa.

Laith akashusha sauti. "Hata mama yangu anaipika khubeza, kwa vitunguu na ndimu. Sheria sikuitunga mimi. Tia sahihi hapa kwamba hutarudi kuchuma, uchukue kisu chako uende zako."

Kisu kilikuwa pale mezani, mpini wake wa mzeituni umelika kwa kiganja cha mama yake Rasmiya, kisha kwa chake. Alikigusa mpini kwa kidole. Halafu akairudisha karatasi bila sahihi.

"Kaa nacho. Usiache kipate kutu."

"Sasa utachumia nini?"

Akamwonyesha kucha zake.

"Hajja, Alhamisi wanapuliza sumu kweli."

"Leo Jumatatu."

Nje, chini ya dirisha la ofisi ileile, kando ya mfereji, khubeza ilikuwa imestawi kuliko ya bustanini. Rasmiya akachutama, akakunja pindo la gauni liwe mfuko, akaanza kuchuma. Juu yake dirisha likafunguliwa. Hakuinua kichwa.