Hadithi aliyoisikia ukutani

Saa tisa alasiri, na Mama Pindo ameshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Anaiinua, anaitazama, anacheka kicheko kisicho na raha, kisha anachukua wembe na kuanza kufumua.

"Jana kafunga mdomo wa mfuko," anasema wifi yake kutoka kwenye cherehani ya pili, bila kuinua macho. "Mwenye suruali atatia mkono wapi?"

Mama Pindo, aliyepewa jina hilo na wateja kwa sababu pindo zake hazifumuki, anaendelea kufumua. Mguu uko kwenye pedali, sikio liko ukutani. Ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, na upande wa pili ni chumba cha mazoezi cha bendi inayopiga kwenye maharusi. Wiki nzima hii tarumbeta ya bendi hiyo imekuwa kimya, na kimya hicho ndicho kinachomtoa jasho.

Kwani fundi huyu ni mtunzi pia. Hushona sare na magauni kwa kipato ambacho, anavyosema mwenyewe, "kikishalipa kodi na ada, kinaniaga." Lakini mikono ikishona, kichwa hutunga. Alianza na mashairi: bendi ikishika mdundo, yeye huufuata kwa pedali, na mizani hukaa yenyewe. Baadaye zikaja hadithi fupi.

"Watu wanadhani nasikiliza maneno ya nyimbo," anasema. "Maneno siyataki, yananivuruga. Nataka ala tupu. Gitaa likilalamika najiuliza, huyu kakosewa na nani? Hapo nishapata mtu. Na mtu akishapatikana, hadithi haiko mbali."

Hadithi iliyomtia matatani ilitoka kwenye tarumbeta. Mpigaji wake, mwanamume wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Pumzi, alikuwa na kawaida ya kubaki peke yake wenzake wakishaondoka, akipiga wimbo mmoja tu. Unapanda, unapanda, halafu pale unapotaka kufika unakatika. Kisha anauanza upya.

Kwa kuusikiliza, Mama Pindo alimwona akilini baba aliyegombana na binti yake. Kila mara baba huyo anakwenda hadi mlangoni kwa binti, anainua mkono abishe, anaushusha, anarudi zake. Akaiandika, akaipeleka redioni kwenye kipindi cha hadithi. Wakaipenda, wakaigawa sehemu mbili. Ya kwanza ilisomwa Jumamosi iliyopita.

Wanabendi nao walikuwa wamefungulia redio.

"Tuliwasikia wanashangilia, 'Jirani yetu huyo, jirani yetu!'" anakumbuka wifi. "Ghafla, kimya. Kufumba na kufumbua Pumzi huyo hapa mlangoni, macho mekundu. Hata salamu hana. Anauliza tu, 'Nani kakwambia habari zangu?'"

Kumbe baba yule yupo. Pumzi ana binti wa pekee, ambaye hajazungumza naye tangu yeye Pumzi alipokataa kwenda kumpigia tarumbeta siku ya harusi ya binti huyo, kwa kuwa hakumpenda bwana harusi. Ameshafika mlangoni kwa binti huyo mara nyingi, akashindwa kubisha. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Nikamwapia kwamba hakuna aliyeniambia," anasema Mama Pindo. "Nikamwambia ni wewe mwenyewe, kwa hiyo tarumbeta yako. Nilidhani atanipiga. Akakaa hapo kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, 'Sasa fundi, mwisho wake ukoje? Anafunguliwa?'"

Hakumjibu. Mwisho ambao tayari uko redioni ni mchungu: baba anazeeka akienda na kurudi, na binti hajui kamwe kwamba kuna mtu aliyesimama nje. Utasomwa kesho kutwa. Redio wamempa hadi kesho adhuhuri kama anataka kuubadilisha.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja," wifi anamwonya. "Ubadilishe. Mfungulie mlango, maskini."

"Nikiufungua kwenye hadithi, akaenda, halafu akafukuzwa kweli? Si nitakuwa nimemtuma mimi?" Anauweka wembe mezani. "Huyo binti mimi simjui. Nguo ya mtu ambaye sijampima, nitaishonaje?" Anaogopa, na hafichi.

Mlango wa chumba cha mazoezi unafunguliwa. Pumzi anatokea, shati limepigwa pasi, tarumbeta kwapani.

"Fundi, bado hujanijibu."

"Kaka yangu, nisamehe," Mama Pindo anasema, akisimama. "Nimeandika kwamba hafunguliwi. Niliandika hivyo kwa sababu wimbo wako haufiki mwisho. Zaidi ya hapo sijui kitu, wallahi."

Pumzi anabonyeza vitufe vya tarumbeta, kimoja kimoja, bila kuipuliza. "Basi hata wewe hujui," anasema taratibu. Uso wake, kwa mara ya kwanza, unalegea. "Mimi nilidhani unajua. Nikitoka sasa hivi, nitamkuta binti yangu ndio anarudi kutoka kazini."

"Ngoja." Mama Pindo anachukua mkasi, anakata uzi unaoning'inia kwenye mkono wa shati la Pumzi. "Haya, nenda."

Anakwenda. Mafundi wawili wanamtazama hadi anapokata kona.

"Namwombea heri," Mama Pindo anasema hatimaye. "Ya kufungua namwachia binti. Mimi nikijua tu kwamba safari hii alibisha, nitaandika hivyo, redio wasome."

"Na akirudi hajabisha?"

Mama Pindo anaitazama ile kona.

"Redio wananisubiri mpaka kesho adhuhuri. Asubuhi nitafunga duka, twende naye mlangoni kwa binti. Akishindwa, nitabisha mimi."