Chokaa Isiyotiwa Chumvi

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimesema hivyo tangu ujana wangu na nasema mpaka leo. Mtu aliyebeba magunia ya chokaa mgongoni kabla ndevu hazijaota, akafungua duka lake mwenyewe mtaani Kibokoni bila mjomba wa kumshika mkono, akapandisha ghorofa juu ya nyumba ya babake, mtu huyo ameona. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, hapakuwa na ukuta mweupe mtaani kwetu ambao chokaa yake haikupitia mikononi mwangu. Mgongo ule ule unaniuma sasa nikiandika, na kuandika si kazi yangu. Lakini nisipoandika mimi ataandika nani? Wengine wote waliyaona mambo haya kwa upande wa nyuma tu.

Skuli nilikwenda miaka miwili nikachoka, au skuli ilinichoka mimi. Aliyesoma ni binti yangu mkubwa. Alikuwa skuli ya kati ya wasichana, darasa la saba, na jioni akinisomea gazeti kutoka mwanzo mpaka matangazo ya vifo, mimi nimelala nimefumba macho. Lakini desturi ya kwetu wakati ule, mtoto wa kike akifika umri wake huwekwa ndani mpaka aolewe. Mama yangu, mwenye amri ya nyumba ingawa ghorofa nimeijenga mimi, alitaka atolewe skuli. Tulivutana mwaka mzima. Mwisho akakubali amalize mtihani wa mwaka ule, kwa sharti moja.

"Asisikike," alisema. "Siku nitakayosikia mtoto huyu atajwa njiani, skuli basi."

Nikasema sawa. Mtu aliyechoka hukubali mengi.

Sasa, siku zile nchi ilikuwa mpya na kila mtu alikuwa akijitolea. Mwalimu mkuu naye akawaambia wanafunzi kila darasa lichague lenyewe kazi ya kuwafaa watu, na walimu wasitie mkono. Wengine walichagua kufagia hospitali, wengine kupanda miti. Darasa la binti yangu wakapiga kura, wakachagua kupaka chokaa mabaraza ya mtaa wetu, yale ya mawe yaliyo nje ya kila mlango. Kisha wakachagua kiongozi. Nani? Yule ambaye hakutakiwa asikike.

Alinijia nimejinyoosha kitandani, nimetoka kupakua lori zima.

"Baba, umelala?"

"Waniona nacheza ngoma?"

"Twataka chokaa."

"Nyinyi nani?"

"Sisi, darasa."

"Na mwalimu wenu yuwasemaje?"

"Mwalimu haruhusiwi kusema kitu."

"Basi mwambie namwonea wivu."

Niliwapa chokaa safi kuliko niliyowauzia matajiri wa Kizingo, na nusu gunia la chumvi juu yake. Nikamweleza vizuri: chumvi ndiyo inayoishikisha chokaa kwenye jiwe, chokaa isiyo na chumvi ni unga tu, mtu akiigusa inaondoka naye. "Umesikia?" Akasema amesikia. Na kweli alisikia. Taabu ya watoto waliosoma ni kwamba wakisha kusikia huenda kufanya mkutano.

Walifanya mkutano. Haya niliyajua baadaye. Msichana mmoja alisimama akasema chumvi ni chakula, na mtaani mle mna wajane wanaonunua chumvi ya kufungiwa kwenye kipande cha gazeti. Vipi mtu aseme anawafaa watu huku anamwaga chakula chao juu ya mawe? Wakapiga kura tena. Mikono yote juu. Chumvi yangu ikagawiwa kwenye makaratasi, ikapelekwa kila nyumba isiyo na mwanamume, na chokaa ikakorogwa kwa maji matupu.

Jumamosi walipaka. Mtaa uling'ara. Jioni nilikwenda kwa muuza kahawa nikakaa kitako, nikawaambia waliokuwapo hiyo ni chokaa ya nani na kiongozi ni mtoto wa nani. Walikuwa wameshajua, lakini niliwaambia.

Kesho yake palikuwa na arusi nyumba ya mwisho. Siku kama hiyo mtaa huwa wa wanawake, sisi wanaume hujiondoa wenyewe. Wanawake wa upande wa bwana arusi walikuja alasiri na vigelegele vyao, mama yangu mbele, maana bwana arusi ni mjukuu wa dadake. Walipofika mlango ukafungwa, kama ada ilivyo, upande wa bibi arusi wajivunie kidogo kabla ya kufungua. Safari hii walijivunia sana. Jua kali, jasho lawatoka, wakachoka kusimama, wakakaa. Wapi? Juu ya mabaraza mapya.

Mlango ulipofunguliwa waliinuka wote pamoja, wakaupa mtaa mgongo. Mabuibui meusi, na nyuma kila mmoja ana duara jeupe kama sahani. Kitoto kimoja kikapiga kelele: "Mama, tazama! Punda milia waingia arusini!"

Mama yangu hajawahi kuchekwa maishani mwake. Siku ile alichekwa na pande mbili za arusi. Na mabuibui yalipofuliwa, kumbe chokaa ile mbichi imechanganyika na jasho ikala rangi. Palipokuwa peupe pakabaki pekundu kama kutu.

Asubuhi wanawake walijaa uani kwetu. Mimi nilikaa ngazini, sina nguvu ya kupanda wala kushuka. Mama akamwita mjukuu wake.

"Njoo hapa. Nani aliyepaka?"

"Sisi, bibi."

"Mkubwa wenu nani?"

"Mimi."

"Babako hakukwambia utie chumvi?"

"Aliniambia."

"Chumvi iko wapi?"

Mtoto akatazama vidole vya miguu yake. Nilidhani amesahau kuitia, nikawa tayari nauona mfuko wake wa vitabu umetundikwa msumarini, na gazeti langu halina wa kunisomea. "Sema!" nikampigia kelele kutoka ngazini. "Ulisahau?" Hakusema. Kumbe waliopewa chumvi walikuwa wamekaa pale pale mbele yake, na asingeweza kujitetea ila kwa kuwataja wanawake wale kwa umaskini wao.

Aliyesema ni mjane wa kona, muuza mahamri, na alisema bila haraka. "Chumvi iko kwangu, somo. Tangu juzi naipikia."

"Na kwangu pia," akasema mwingine.

"Na mimi," akasema wa tatu, aliyekuwa mpishi wa ile arusi. "Hata ule mchuzi wa jana, chumvi yake ndiyo hiyo. Na wewe, somo, sahani ya pili uliomba mwenyewe."

Mwanamke mmoja akacheka puani, akashindwa kujizuia, na wote wakamfuata. Mama yangu alikuwa wa mwisho, na hakucheka sana.

"Nilisema asisikike," alisema.

"Amesikika kwa wema," akajibu muuza mahamri. "Sasa wataka aadhibiwe kwa lipi?"

Mama akamtazama mtoto. "Kavae nguo zako za skuli," akamwambia. "Umechelewa." Kisha akageuka. "Lakini mabuibui haya yana baba yao. Na wewe huko ngazini, shuka!"

Nilishuka. Jumamosi iliyofuata wasichana walipaka upya, na mimi nikasimama juu ya kila debe mpaka nikaona chumvi imeingia. Mtihani aliufanya, akapita, na gazeti akaendelea kunisomea. Mtu akiniuliza kama nilishangaa, namwambia hapana, nilichoka tu. Vitambaa vya mabuibui tisa, mshonaji, na chumvi ya mara ya pili: shilingi mia mbili arobaini na tatu na senti sabini na tano.