Machibya na Kesi ya Rejeta

Ukimtafuta Machibya hapa Buswelu, usiulize nyumba. Uliza yule mzee anayefunga boneti ya gari kwa kufuli. Watakuonyesha, ila watacheka kwanza.

Msimlaumu sana. Maisha yake yote ya kazi alikaa geti la kiwanda cha samaki, anapekua watu wanaotoka zamu. Minofu ya sangara aliikuta ndani ya buti, akaikuta ndani ya kofia, na jioni moja aliikuta mgongoni kwa dada aliyekuwa anambembeleza mtoto vizuri kabisa, kumbe mtoto mwenyewe ni minofu imeviringishwa kwenye kitenge. Mtu ukishaona mambo hayo, hata padri akikusalimia unamwangalia mikono.

Alipostaafu akanunua Probox. Asubuhi anakwenda Kisesa, anapakia nyanya na vitunguu vya akina mama, anavishusha soko la Mkuyuni. Gari hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo ng'ombe zake. Na kwa kuwa mafundi wanasemwa kuchomoa kizima na kurudisha kibovu, Machibya alichukua rangi ya kucha ya mke wake Dorotea, ile nyekundu ya sikukuu, akatia doa kila kifaa. Betri ina doa. Feni ina doa. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ina doa lake karibu na mfuniko. Ukifungua boneti unadhani gari imeshikwa na tetekuwanga.

Fundi wake alikuwa mmoja tu, Mashimba, mdogo wake Dorotea, yaani shemeji yake. Gereji ya Mashimba iko hapa hapa Buswelu, mabati na nguzo tu. Mashimba akishika spana, Machibya anakaa pembeni juu ya ndoo, kimya, anatoa macho kama paka aliyeanikiwa dagaa.

"Shemeji, si uende hata ukanywe chai," Mashimba humwambia.

"Nimeshiba."

"Basi sogea, unanizibia mwanga."

Anasogea kidogo, shingo inabaki pale pale.

Siku ambayo hakukaa ndiyo iliyoleta kesi. Binti yake Rose alikuwa anaolewa, na siku hiyo kulikuwa na kikao cha kamati ya send-off, baba mzazi hawezi kukosa. Gari nayo ilikuwa inahitaji kusafishwa rejeta, maji yamekuwa mekundu kwa kutu. Akaiacha kwa Mashimba, roho upande. Jioni ikarudi na maji mapya ya kijani, rejeta imesuguliwa mpaka inang'aa.

Wiki haikuisha, gari ikaanza kuchemsha. Mshale wa joto, ambao siku zote unalala katikati, ukawa unapanda kuelekea kwenye alama nyekundu kila anapopanda kilima na mzigo. Machibya anapaki, anasubiri injini ipoe, anafungua mfuniko kwa tambara, anachungulia. Maji yamejaa. Hayapungui hata kidogo. Mipira ya maji haivuji, mkanda umekaza, feni inazunguka.

Ndipo akaangalia lile doa. Halipo.

Alikuja kwangu, mimi jirani yake, ameshika tochi mchana kweupe.

"Ngosha, njoo uwe shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Rangi iko wapi hapa?"

Nikainama. Kweli, haikuwepo. "Si ameisugua?" nikamwambia.

"Ameisugua rejeta tu? Mbona doa la feni lipo? La betri lipo? Hii si rejeta yangu. Maji yamejaa na gari inachemsha, maana yake amenifungia kopo. Mimi nimekaa geti, usinifundishe."

Nikamshauri amuulize shemeji yake polepole, wakiwa wawili. Alikwenda kumuuliza gereji, wateja wamejaa, mama wa chapati anakaanga.

"Shemeji, rejeta yangu uliipeleka wapi?"

Mashimba akadhani ni utani. "Iko kwenye gari yako. Nilifungua hapo, nikafunga hapo."

"Niliyoiacha ilikuwa na doa."

"Ilikuwa na oili na udongo, nikaitoa nikaisugua kwa petroli. Ulitaka nilizunguke doa lako?"

"Ile ilikuwa inapoza. Hii inachemsha."

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Sijasema. Nauliza rejeta."

Mashimba akachukua tambara akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Jumamosi Rose anaagwa," akasema. "Mjomba wake ni mimi. Mwizi hawezi kusimama mbele ya wakwe akakabidhi mtoto. Tafuta mjomba mwingine. Au njoo hapa, mbele ya hawa hawa waliosikia, useme sikuiba."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Viti unaweza kuazima kwa jirani, masufuria unaweza, hata suti. Mjomba huwezi. Wakwe wanatoka Magu, wataulizia mjomba, utawajibu nini? Kwamba yuko gereji, kanuna kwa ajili ya rangi ya kucha? Dorotea akawa anamwekea mumewe ugali mezani na kuondoka bila neno. Rose alikuwa na neno moja tu: "Baba, bila mjomba mimi ukumbini siingii."

Mtu mwingine angeomba radhi yakaisha. Machibya akatafuta ushahidi.

Alianzia kwa fundi mmoja wa Mkuyuni, mcheshi, mwenye majibu ya kila kitu. Fundi akasikiliza injini kama daktari, akafungua pale mpira mkubwa wa maji unapoingilia, akachomoa themostati, kile kidude kinachofunga na kufungua maji kulingana na joto.

"Mzee, hiki ni cha nchi za baridi. Hapa Mwanza kinakuzibia maji tu."

Akataka kukitupa kwenye boksi lake. Machibya akakidaka, akakifunga kwenye leso, akatia mfukoni. Gari ikaendelea kuchemsha vilimani vile vile, na juu yake sasa asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Machibya akaniambia kwa sauti ya chini, "Wanajuana hawa."

Ijumaa, Dorotea alinifuata mwenyewe akaniomba niende na mumewe mjini, asije akagombana na mtu mwingine. Tukaenda kwa mzee Noorali, pale iliponunuliwa rejeta yenyewe. Familia ya Noorali inauza spea tangu enzi za babu yao, na Kisukuma chake kinawatia aibu watoto wetu. Dukani kwake hushiki kitu mpaka akushikishe yeye.

"Shikamoo mzee," Machibya akamwamkia.

"Marahaba. Kama umekuja kurudisha kitu, sipokei."

"Sirudishi. Nataka uangalie rejeta. Ile uliyoniuzia imebadilishwa."

"Nani kabadilisha?"

"Shemeji yangu."

Noorali akavua miwani akamtazama vizuri, kama mtu aliyepotezana na ndugu yake na leo wameonana. "Lete gari hapa mlangoni."

Akaja na tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Akakipitisha pembeni ya rejeta, chini kabisa, pale inaposhikwa na bolti. "Inama uone."

Kwenye kioo tukaona kitobo kidogo kimegongwa kwenye chuma, na mkwaruzo kando yake.

"Hiyo alama yangu," Noorali akasema. "Kila rejeta inayotoka hapa naigonga kwa msumari. Hii nimekuuzia mimi."

"Na unagonga ya nini?"

"Kwa ajili ya watu kama wewe. Mnanunua mpya, mnaniletea ya zamani, mnasema nimewauzia mbovu."

Machibya akameza hilo. Halafu akasema, "Na kama shemeji aliijua alama yako, akaigonga mwenyewe?"

"Alama hii hata mke wangu haijui. Sasa mnaijua nyinyi wawili, kwa hiyo Jumatatu naibadilisha."

Nilitamani kucheka lakini wote wawili walikuwa hawatanii.

"Basi mbona inachemsha?" Machibya akauliza, na sauti ilikuwa imepungua.

"Washa."

Akawasha, tukangoja mpaka feni ikaanza kuvuma. Noorali akachana karatasi ya gazeti akaibandika kwenye shoo, yale meno ya mbele ya gari. Karatasi ikateleza ikaanguka. Akaiokota akaibandika tena. Ikaanguka.

"Feni ikivuta upepo, karatasi inanata," akasema. "Gari yako haivuti hewa." Akaingiza kidole katikati ya meno, akakitoa kimejaa unga mweusi. "Nani katia pazia humu?"

Nikamgeukia Machibya.

"Ni wavu," akasema.

"Wavu gani?"

"Wa dirisha. Wa mbu. Niliukunja mara mbili."

Ndipo likatoka lote. Jioni ile gari ilipotoka kwa Mashimba, aliona rejeta inavyong'aa nyuma ya shoo, akawaza kwamba wezi wa sokoni nao wataiona. Akakata wavu, akaufunga mbele ya rejeta, akaukaza kwa waya. Sasa asubuhi ukipita karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi walikuwa wananasa humo kwa maelfu. Juu yao likaja vumbi la Kisesa, juu ya vumbi wadudu wengine. Tulipokata waya wavu ulitoka mzima mzima kama mkeka, mzito, unanuka dagaa walioloa. Noorali akarudisha karatasi kwenye shoo. Ikanata. Tulipanda kile kilima cha kurudi, mshale umelala katikati, na Machibya kila tukisimama anageuka kuuangalia ule wavu kwenye kiti cha nyuma, kama anatafuta alama za vidole vya mtu mwingine.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji.

"Shemeji, rejeta ni ile ile," akasema.

"Hilo nalijua mimi. Waambie hawa."

Machibya akawageukia watu. "Rejeta ni ile ile. Nilifunga wavu mbele, mimi mwenyewe. Mashimba hajaiba."

"Huku kwenye chapati hatujasikia," mama akasema.

Akarudia kwa sauti. Ilimtoka kama jino.

Nikadhani yamekwisha. Mashimba, ambaye habari za fundi wa Mkuyuni zilishamfikia, akanyoosha mkono. "Themostati iko wapi?"

"Mfukoni."

"Lete. Na ufunguo. Nairudisha mahali pake, gari isikumalizie mafuta."

"Sawa, nakaa hapa nangoja."

"Hukai. Unaondoka kwa miguu. Kesho nitakuja nayo ukumbini. Ukibaki hapa kunichungulia, mimi kesho siji."

Nimeona wanaume wakiachana na ng'ombe wa mahari wakiwa na nafuu kuliko alivyokuwa yeye. Aliushika ufunguo mpaka vidole vikabadilika rangi. Kisha akauweka kwenye kiganja cha Mashimba, tukatembea mpaka nyumbani.

Jumamosi wakwe wakaingia ukumbini na ngoma zao, wakaketi. MC akaita mjomba. Mjomba hayupo. Akaita tena. Rose alikuwa amesimama mlangoni kwenye gauni lake, hataki kuingia. Machibya akaniinamia sikioni.

"Saa hizi yuko Shinyanga. Gari imeshapasuliwa, inauzwa vipande."

Dorotea alisikia. Alimtazama mumewe mpaka akaacha kuninong'oneza.

Mara mlango wa pembeni ukafunguka, Mashimba akaingia na suti, kucha bado zina oili. Akaenda mpaka kwa Rose, akampa mkono, wakaingia pamoja taratibu, akina mama wakapiga vigelegele. Akamfikisha mbele ya wakwe, akasema maneno ya mjomba, akamkabidhi. Kisha akaja meza ya wazazi, akaweka ufunguo mbele ya Machibya.

"Ipo nje. Kaifungue uangalie."

Machibya akaushika. Akaangalia mlango. Akamwangalia Rose, ambaye wala hakuwa na habari na wakwe wala keki, alikuwa anamwangalia yeye. Akampa Dorotea ufunguo autie kwenye pochi, akavuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Kaa, shemeji," akasema. "Pilau linapoa."