Prabha na Shauri la Kichochoro Kizima

Prabha alikuwa mwoga, na wala hakulificha jambo hilo. Akishafunga mlango wa chini huusukuma kuujaribu, na akifika juu hushuka tena kuhakikisha. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo ya Mji Mkongwe, akaolewa humo na mume aliyekubali kuhamia ukweni, akafiwa naye humo. Alipokuwa mtoto, katika zile siku za Mapinduzi ya Januari ambazo wakubwa wa nyumbani kwao hawakupenda kuzitaja, baba yake alimkalisha nyuma ya masanduku ya nguo akamwambia asiitike hata akisikia anaitwa jina lake. Walisalimika. Jamaa wengi wakaondoka kisiwani, baba akabaki, na wasia aliomwachia binti yake ulikuwa mmoja: mtu asisikike.

Basi akasomesha skuli miaka mingi bila ya kugombana na mtu, akastaafu, akawa anaishi vizuri na watu wa kichochoro chake. Shoga yake mkubwa alikuwa Bi Khairat, mshoni aliyepanga nyumba ya mkabala. Madirisha yao yalikaribiana hata wakiweza kuzungumza bila ya kupaza sauti. Ramadhani ikiingia Khairat humpelekea kaimati, na Diwali ikifika Prabha humpelekea ladu.

Ndipo mwisho wa kichochoro, ubavuni mwa nyumba zao mbili, likaanza kuchimbwa shimo.

Kampuni moja ilikuwa imenunua gofu la nyumba lililokuwa pale ili ijenge hoteli, na hoteli hiyo ilitaka ukumbi chini ya ardhi. Wakazungusha mabati, wakaleta mashine ya kuvunjia mawe. Asubuhi ya kwanza Prabha alikuwa amesimama sebuleni na kikombe cha chai, akaiona pembea ya mbao iliyotundikwa kwenye boriti tangu enzi za babu yake inakwenda mbele na nyuma bila ya mtu. Alidhani ni zilzala, ardhi inatetemeka. Akakimbilia dirishani.

"Khairat! Umeona?"

"Nimeona," Khairat alijibu, uso umemparama. "Cherehani yangu inatembea yenyewe mezani."

Baada ya hapo ufa ukatokea juu ya mlango wa sebule. Mwanzo ulikuwa kama unywele. Kisha ukucha ukaweza kupenya, kisha mkia wa kijiko. Chokaa ikawa inamwagika kwenye sufuria na kwenye mashuka. Prabha aliacha kulala chumbani, akatandika godoro kwenye fremu ya mlango, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba nyumba ikianguka, hapo ndipo panaposalimika. Mashine ikinyamaza aliogopa zaidi, maana ndipo aliposikia mawe yenyewe yakilia ndani ya kuta, mlio mdogo mkavu kama mtu anayevunja vidole.

Majirani walikwenda kulalamika, kila mtu kivyake. Simai, baharia mstaafu kutoka Tumbatu aliyepanga na familia yake ghorofa ya chini ya nyumba ya Prabha, aliambiwa na watu wa kampuni kwamba nyumba wanayokaa ni nzee na nyufa zimeletwa na chumvi ya bahari. Akafungua kesi peke yake. Akatakiwa alete ripoti ya mhandisi, na gharama za mhandisi hakuziweza. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mashine haikupumzika hata siku moja. Mwishowe akaiacha. Mpangaji mwengine aliyepiga kelele sana alishtukia mwenye nyumba anamtaka ahame. Tangu hapo watu wakawa wanatazama nyufa zao na kunyamaza.

Aliyewakusanya alikuwa Zahabiya, wakili kijana, Bohora wa mtaa wa pili, ambaye Prabha alimsomesha alipokuwa mdogo. Walikutana sebuleni kwa Simai, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

"Mkienda mmojammoja watakuchokesheni mmojammoja," Zahabiya aliwaambia. "Lakini sheria inaruhusu watu wengi wenye shida moja wafungue shauri moja. Mmoja anasimama kwa niaba ya wote. Ushahidi wake ni wenu, mhandisi wake ni wenu, na hukumu ni yenu nyote."

"Mbona hatujapata kuisikia?" Simai aliuliza.

"Kwa sababu huku kwetu hakuna aliyethubutu kuitumia. Hata mimi itakuwa mara yangu ya kwanza. Mahakama inaweza kutukatalia mlangoni. Sitaki kukudanganyeni."

"Na huyo atakayesimama, jina lake linajulikana?" Simai aliuliza tena.

"Ndiyo. Litatangazwa, ili kila anayehusika ajue. Asiyetaka kuwamo anaruhusiwa kujitoa. Huyo atakayesimama tu ndiye asiyeweza kujificha."

Upande wa pili wa ukuta mashine iliguruma, na glasi za maji zikagongana kwenye sinia. Wapangaji walitazama miguu yao, kila mmoja akimfikiria mwenye nyumba wake. Simai alisema angejitolea, lakini mkwewe alikuwa ameajiriwa na kampuni ileile. Khairat alikuwa anamlea mjukuu asiye na wazazi, akifukuzwa hana pa kwenda naye. Taratibu macho yakahamia kwa Prabha, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, hana mpangishaji wala mwajiri.

"Mimi?" alisema. "Mimi naogopa hata paka, jamani."

"Sote tunaogopa, Mwalimu," Zahabiya alisema. "Sikulazimishi."

Prabha alinyanyua macho akaona ufa ule wa kwake umeshuka mpaka huku chini, umepita juu ya vichwa vya wajukuu wa Simai waliokaa mkekani. Alisema ndiyo kwa sauti ndogo, hata ikabidi aulizwe tena.

Nduguye Hardik, anayeishi Dar es Salaam, alimpigia simu aliposikia. "Umesahau mafunzo ya baba? Funga nyumba, uje huku."

"Sikusahau," alimjibu. "Ndiyo maana sipati usingizi."

Zahabiya akalifungua shauri, na jaji alipoamuru tangazo litolewe, likabandikwa kwenye milango ya kichochoro na kusomwa redioni. Prabha alikuwa Darajani akichagua bamia aliposikia jina lake kwenye redio ya muuzaji, jina lake kamili na la baba yake, na kwamba ameshitaki kwa niaba ya wakaazi wote. Aliziacha bamia, akarudi nyumbani akitembea ubavuni mwa kuta, na kila aliyemtazama alimwona kama anamfuata.

"Pembe la mgambo limelia," Simai alimwambia barazani. "Sasa hakuna kurudi nyuma, dada yangu."

Haikupita wiki, akaja mgeni. Aliitwa Haroub, mtu wa makamo, kanzu nyeupe, sauti ya upole. Alijitambulisha kwamba ametumwa na kampuni kuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Alikaa kwenye pembea bila ya kukaribishwa, akatazama dari. "Ukaazi wa peke yako una tabu. Ngazi zenyewe mbovu. Mtu mzima akiteleza hapa, nani atajua?"

Prabha aliificha mikono yake chini ya pindo la sari.

"Na hao unaowapigania," Haroub aliendelea, "unadhani watakusimamia? Si watu wako. Siku ya siku watakuacha na jina lako."

Alipoondoka, Prabha alifunga mlango, akausukuma, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Alimpigia simu Zahabiya kumwambia anajitoa. Simu iliita, na kabla haijapokewa akaikata. Hakuweza kueleza baadaye kwa nini aliikata. Alisema tu kwamba aliwasikia wale wajukuu wa Simai wakicheka nyuma ya mlango.

Maneno ya Haroub hayakuwa ya bure. Watu wa kampuni walipita nyumba kwa nyumba wakiwataka wakaazi watie saini kwamba wanajitoa kwenye shauri. Kwa mwengine waliahidi kupaka rangi, kwa mwengine walimtaja mwenye nyumba. Siku moja Prabha alifungua dirisha akakuta la Khairat limefungwa. Kesho yake akalikuta vilevile. Siku ya tatu alibisha.

"Shoga, unaumwa?"

Khairat alifungua kidogo tu. Macho yalikuwa mekundu. "Nimetia saini, Prabha. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Kaniambia nichague. Nna mtoto mimi."

"Najua," Prabha alisema.

"Usinichukie."

"Sikuchukii. Nakuogopea tu." Na kwa kweli alikuwa na wivu pia, kwamba mwenziwe ameweza kutoka.

Mahakamani, wakili wa kampuni alisimama akasema kwamba bibi huyu hawezi kuwawakilisha watu. Yeye ana nyumba yake, wenziwe ni wapangaji. Ufa wa huyu si ufa wa yule. Kila mtu aje na kesi yake. Tena, alisema, wengi wao wameshamkimbia. Prabha aligeuka nyuma. Kwenye viti walikuwapo Simai na mkewe na watu wachache wa kichochoro, si wengi kama alivyotarajia. Jaji alimuuliza kama yuko tayari kuendelea. Alisimama huku ameshika meza.

"Mheshimiwa, mimi nimejaa khofu," alisema. "Lakini shimo ni moja. Likituangusha halitauliza nani mpangaji."

Wakili wa kampuni alitabasamu. Jaji aliandika, akasema atatoa uamuzi baadaye.

Uamuzi ulikuwa haujatoka mvua za masika ziliponyesha. Siku ya Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini na mashine imenyamaza, Prabha alikuwa dirishani akianua nguo. Alisikia mlio kama wa nguo inayochanwa. Ukuta wa ubavuni wa nyumba ya mkabala ukavimba mbele ya macho yake, ukasimama hivyo muda mchache, ukashuka wote shimoni. Vumbi jeupe likapanda, asione kitu. Alisikia sauti ikipiga kelele, akaja kutambua kwamba ni yake mwenyewe, anaita jina la Khairat.

Hakumbuki alivyoshuka ngazi. Simai, aliyerudi mbio kutoka msikitini na kofia yake mkononi, alimkuta juu ya kifusi, sari imechanika, anaondoa mawe kwa mikono. Mjukuu wa Khairat, kwa rehema za Mungu, alikuwa skuli. Khairat alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika pahala pawili, meza ya cherehani imemkingia kichwa.

Kesho yake asubuhi Zahabiya alikuwa mlangoni kwa jaji na ombi la dharura. Jaji aliamuru uchimbaji usite mara moja, na wiki iliyofuata akatoa uamuzi wake: shauri litasikilizwa kama shauri moja, Prabha atasimama kwa niaba ya wenziwe, na kampuni italeta wahandisi kukagua kila nyumba. Wakili wa kampuni akadakia kwamba waliokwisha kujitoa wamejitoa, akiwamo mwanamke aliyeumia.

Prabha alisimama kabla Zahabiya hajamzuia. "Huyo alitia saini kwa khofu, Mheshimiwa. Khofu ile naijua. Naomba arudishwe."

Jaji alisema atarudishwa yeyote atakayeomba mwenyewe.

Khairat alikuwa amelazwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Alipomwona Prabha akageuzia uso ukutani.

"Nilikuacha," alisema.

"Ulitishwa. Zahabiya yuko nje. Akikuuliza, utasema nini?"

Khairat aliutazama mguu wake uliofungwa plasta. "Na mwenye nyumba?"

"Nyumba yenyewe iko wapi, shoga?"

Khairat akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Prabha akamshika mkono mpaka kikatulia. Kisha Khairat mwenyewe akaomba kalamu, aandike ombi la kurudishwa.

Shauri halijakwisha. Wahandisi walisema nyumba ya Prabha isikaliwe, naye na familia ya Simai ikawabidi kuiacha, yeye kwa mara ya kwanza maishani mwake. Amepangishiwa chumba Jang'ombe, pamoja na yule mjukuu na Khairat, anayetembelea magongo. Hajapazoea. Pikipiki zikipita anashtuka, mtu akibisha anashtuka. Haroub alionekana mara moja ng'ambo ya barabara, amesimama tu, na kwa siku kadhaa Prabha hakutoka nje. Hajui kama atashinda, wala kama nyumba yake itasimama mpaka siku ya hukumu.

Mwezi uliopita walimjia wanawake kutoka Kiwengwa, wakulima wa mwani. Maji machafu ya hoteli moja yanaingia kwenye mashamba yao, mwani unaoza, mikono inawatoka malengelenge. Mkubwa wao, Bi Mwanamwema, alikaa mkekani bila ya kuvua mtandio.

"Tumesikia wewe ndiye uliyewasimamia wenzako," alisema. "Tunataka kujua inafanywaje. Na kama inatisha."

Khairat alimtazama Prabha. Prabha alimimina chai, birika likagonga ukingo wa kikombe.

"Inatisha sana," alisema. "Watakuja nyumbani kwako. Wenzako watakukimbia, na si kwa ubaya. Hebu nielezeni kwanza, maji hayo yanapitia wapi?"