Kiboksi Cheupe Juu ya Ndalambo

Chekeni tu, mimi nimeshachoka kuona aibu, ila watu wa kata ya Ndalambo sidhani kama watakuja kuchoka kunikumbusha.

Nilikuwa natengeneza ramani kwenye mradi mmoja wa kupima udongo hapa Songwe. Msimu ule tulizunguka mashambani tukichota udongo, tukaupima uchachu wake, halafu kompyuta ikapaka ramani rangi: kijani ni udongo mzuri, njano wa wastani, nyekundu ni ule mchachu unaoyanyima mahindi nguvu. Wenye nyekundu ndio wangekuwa wa kwanza kupewa chokaa ya shamba ya kupunguza uchachu, kwa hiyo zile rangi hazikuwa mapambo, watu walikuwa wanazisubiri.

Shida ni kwamba kompyuta haijui mpaka. Ukiiachia inaendelea kukisia, inapaka hadi Nakonde na huko ndani Zambia ambako hatukuchota hata kiganja cha udongo. Asubuhi ya mkutano wa kuwaonyesha wakulima ramani pale Tunduma, mkuu wangu, Kaka Nzunda, akaiona akashtuka.

"Huku Zambia ficha kabisa," akasema. "Wataalamu wao wamealikwa, watadhani tumepima ardhi ya watu bila ruhusa."

Sasa njia sahihi ilikuwa kurudi kwenye vipimo, kuipa kompyuta mstari wa mpaka na kuiambia nje ya hapa usipake kitu. Lakini jana yake nilikuwa nimetoka shambani, tukakwama nyuma ya malori ya mpakani mpaka miguu ikavimba, mgongo unauma, chai yenyewe inapoa, nikasema ah, nani atajua? Nikachora kiboksi cheupe, nikakibandika juu ya Zambia, nikafunga kompyuta. (Tena nikajipongeza.)

Ukumbini wakaniambia projekta imeunganishwa na kompyuta ya kwao, nikahamishia kazi yangu humo, ikafunguka, nami nikaanza kuongea nikiwatazama watu, ukuta sikuuangalia. Nilipoona wale wageni wa Zambia wananong'onezana na kutabasamu ndipo nikageuka. Picha ilikuwa imetanuka na kiboksi kimebaki palepale. Zambia iko wazi, inang'aa kwa rangi zangu za kukisia, na kiboksi kimeikalia Ndalambo.

Mama mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. Nilimfahamu, ni Mama Tabu, tulichota udongo shambani kwake na akatupikia maharage.

"Mwanangu, sisi wa Ndalambo mbona hatupo?"

Ningesema ukweli hapo yangekwisha. Badala yake mdomo ukajibu wenyewe: "Mama, hiyo nyeupe ni... ni sehemu maalumu."

Jamaa aliyekaa nyuma yake akadakia, "Nyeupe si chokaa hiyo! Maalumu maana yake chokaa ni yetu!"

Makofi, vigelegele, watu wa Ndalambo wanapeana mikono, na watu wa kata ya Ruanda, ya hukuhuku Songwe, nao wakasimama, "Na sisi wenye nyekundu je? Udongo wetu mlichukua wa nini?" Kelele za Kinamwanga upande huu, za Kinyiha upande ule, Kaka Nzunda ananitolea macho, mgeni mmoja anaipiga picha ramani kwa simu, na mimi nimeshika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

Nikachoka. Sina neno jingine, nilichoka tu. Nikasogea kwenye kompyuta nikakifuta kile kiboksi mbele ya wote.

Chini yake Ndalambo ilikuwa nyekundu tupu, nyekundu kuliko hata Ruanda.

"Kwa hiyo sisi ndio wenye hali mbaya kuliko wote," Mama Tabu akasema polepole, "na ndio mliotufunika?"

"Hapana mama, sikuwa nawafunika ninyi. Nilikuwa nafunika Zambia."

"Zambia si hiyo hapo, naiona?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wageni nao wakacheka, ila Mama Tabu hakucheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Kaka Nzunda akasimama akawaomba radhi kwa niaba yangu, na mimi nikaomba ya kwangu.

Baadaye nilikwenda Ndalambo na ramani iliyokatwa vizuri mpakani, imechapwa kubwa. Mama Tabu hakunikaribisha kiti. "Nionyeshe shamba langu," akasema. Nikaweka kidole. Akaitazama ile nyekundu muda mrefu, akaguna, ndipo akasema, "Haya, kaa."

Chokaa ilikuja, Ndalambo kwanza kisha Ruanda, lakini mpaka lori lilipoanza kushusha mifuko hakuna aliyekuwa ananiamini, na sikuwalaumu. Tangu hapo sibandiki kitu juu ya ramani tena. Nikiona mwili umekataa, nafunga kompyuta nalala, mkuu akasirike, mkutano uahirishwe, nitaamka niikate vizuri.